Silabi ya Nne

Zimebaki siku tisa, na kinanda kimekatika waya.
Mwalimu Lugiko anatupa sauti kwa koo lake mwenyewe,
do yenye mafua,
nasi tunaipokea hivyo hivyo ilivyo.

Nyimbo ni tatu, mpya, hakuna sikio lililozijua:
ya kwanza ya kilio, ya tatu ya imani,
ya katikati hajaipa jina.
Nota ziko ubaoni, kwa chaki,
mi, mi, re, do,
na chini yake: A-me-la-la.

Sauti ya pili ilipofika hapo, ikapwaya.
Si wote. Holo tu.
Lakini mmoja akinyamaza katika kwaya ndogo
ni kama pengo la jino, ulimi hauachi kwenda pale.

"Mwalimu," alisema, hakusimama,
"mimi nilimwosha. Nilimkunja vidole.
Bulayi akilala alikuwa anakoroma,
anasaga meno, ananipiga mateke.
Yule hakulala. Tusimdanganye Mungu,
na mwenyewe alikuwepo wodini."

Nje mawe ya Igogo yalikuwa yakitema joto la mchana.
Mtu anakwangua sufuria.
Upepo wa ziwa ukaingiza harufu ya dagaa.
Sisi sauti ya nne tukatazama viatu vyetu;
mzee Magoti akakohoa, na kikohozi kilikuwa do.

Lugiko hakumjibu kwa Maandiko, ingawa anayo mengi.
Alifuta kwa kiganja.
Akaandika: Ha-yu-po.
Akahesabu, akahesabu tena.
Silabi tatu, nota nne.
Do ya mwisho imebaki haina mtu.

Ndaki akashauri tuvute, hayupooo, tuifunike.
Kulwa akasema tuongeze "leo".
"Kwa hiyo kesho atakuwepo?"
Holo aliuliza bila ukali, kama anayeuliza bei.

Basi mwalimu akaifuta na ile do,
akaweka alama ya kimya.
Pigo moja, tupu.

Hujui ugumu wa watu ishirini na sita kunyamaza pamoja.
Kuna anayewahi. Kuna anayemeza mate.
Kuna mimi, pumzi yangu inapiga mluzi.
Mara ya tisa Holo mwenyewe akapitiliza,
akaimba do ambayo haipo,
akacheka, akajifuta uso kwa pindo la kitenge,
na tukangoja amalize kujifuta,
ambako kulichukua muda.

Mara ya kumi na nne ikakaa.
Ndani ya lile pigo nilisikia
maji yakigonga jiwe kule chini,
na vifua ishirini na sita vimejaa,
vikisubiri wimbo urudi
na hakuna aliyeuona ulikokwenda.

Wimbo wa imani ni Alhamisi.
Njooni na penseli, amesema,
na mwenye waya wa kinanda.