Soli za Degitu

Kiatu cha kushoto ndicho nilichokipokea kwanza,
kimefungwa kwenye gazeti la herufi nisizozijua,
kisigino kimelika upande wa nje
kama muwa uliotafunwa na mtu mwenye haraka.
Nikajua kabla hajanena:
mwenye mguu huu hulalia kushoto,
umri wake ameuzungusha viwanjani
kinyume cha mwendo wa saa.

Ndivyo tulivyojuana, Degitu na mimi,
Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
siku tatu kabla ya Mbio za Mkonge.
Kiswahili chake kilikuwa maneno saba,
matano kati ya hayo ni namba.
Semboja, jina langu, likamshinda.
Akaniita Sembe. Sikumsahihisha.
Mteja anayelipa kabla ya kazi
hata akikuita Pumba, itika.

Nilipokuwa nabandua soli alinihesabia kwa vidole:
miaka ya pekupeku huko nyanda za Arsi,
kilomita tisa kwenda shule, tisa kurudi,
mbele yake punda wa mama asiyekubali kupitwa.
Kisha viatu vya dada, matambara yamesindikwa puani.
Kisha ndege,
na miji aliyoijua kwa lami tu:
huu mgumu, huu una mawe ya mraba,
huu huteleza majani yakipukutika.
Mito? Majumba? Akatikisa kichwa.

Kazi yake, nilielewa baadaye, ilikuwa kuongoza.
Walimlipa akate upepo hadi kilomita ya thelathini,
kisha atoke pembeni, avae koti, apande basi.
Miaka kumi na mmoja akiwafikisha watu mlangoni
naye hakaribishwi ndani.
“Kama kungwi,” nikamwambia,
“ngoma usiku kucha, bibi harusi mwingine.”
Hakuelewa. Nikacheka peke yangu,
halafu nikaacha.

Jumapili joto la Tanga halikumuuliza atokako.
Saa kumi na mbili asubuhi hewa ilishakuwa supu.
Wakatoka Mkwakwani, wakazunguka Raskazone,
wakaifuata njia ya Pongwe, wakageuza.
Mimi Kange, na ndoo, na kata.
Akarudi usoni pamemvimba, chumvi imechora ramani shingoni,
na hapo, penye kibao cha thelathini,
nikauona ule mguu wa kushoto ukisita,
ukitafuta pembeni kwa mazoea
kama mkono wa mjane unavyopapasa mto wa pili.
Kisha ukanyooka.

Hakushinda. Usinisikilize kwa tamaa hiyo.
Aliyeshinda ni binti wa Mbulu, mwembamba kama uzi wa nyavu.
Degitu alikuwa wa tano,
na zawadi ya wa tano ilikuwa baiskeli,
nyeusi, yenye kengele na kifuniko cha mnyororo.

Akabaki ameishika pembe
kama mtu aliyekabidhiwa mbuzi wa jirani.
Miguu iliyomaliza jozi mia na arobaini
haijawahi kukanyaga pedali! Na hapa ni Tanga,
hapa hata muuza maandazi huzaliwa na tandiko.

Jioni, Tangamano, nikamshikia keria.
“Mbele! Tazama mbele!”
Yeye anatazama chini, anastaajabu:
miguu inazunguka, haigusi kitu.
Akaanguka. Akainuka, akaparamia sinia la korosho,
akalilipa, kwa namba zake tano.
Mara ya tatu nikaachia bila kumwambia.
Akaenda, jamani, akaenda, kengele inalia ovyo,
hadi kona ikamtaka alale kulia.
Kulia hakukujua.
Nilimkuta chali kwenye nyasi, anacheka
kwa lugha ambayo sikuhitaji kutafsiriwa.

Jumanne basi la Arusha liliondoka na baiskeli juu yake.
Viatu aliniachia. “Sembe, soli nzuri. Weka.”

Usiku nikavijaribu, mlango nimeufunga.
Vinanibana.
Kidole gumba kilikuta tundu
ambalo sikuliona siku zote zile za kushona,
na mpaka leo
sijaliziba.