Kalamu za Mwiko

Musembi alikuja Jumamosi, saa ya watu kufua,
mkononi mwiko uliofungwa kwa gazeti la juzi.
"Nichongee kalamu," akasema. "Nne.
Tuko wanne. Alhamisi tunatia sahihi."
Hakusema sahihi ya nini, nami sikuuliza.
Hapa Umoja habari za mashamba ya Kangundo
hupanda ngazi zenyewe.

Keezo langu hukaa roshanini,
kati ya mtungi wa gesi na madumu ya maji ya Jumanne.
Nikiliwasha, taa ya sebuleni hupepesa
na Bi. Awinja wa chini hugonga dari kwa fagio:
mara moja ni salamu,
mara tatu, mtoto amelala.

Nilipima. Bapa halikufaa, jembamba mno.
Mpini tu. Vipande vinne, bila hata kimoja cha akiba.
Nikatoboa, nikatia mirija ya shaba na gundi,
nikangoja ikauke.

Patasi ilipogusa kipande cha kwanza
maranda yaliruka kama nywele kwa kinyozi,
na roshani nzima ikanuka ukoko.
Si moshi, si mbao. Ukoko,
ule wa kukwanguliwa mwisho, wa kupiganiwa.
Nilizima mashine nikasimama.
Kwetu pia tulikuwa watoto wengi, sufuria moja.

Cha pili kikatoka. Cha tatu.
Cha nne kikapasuka
polepole, ufa ukifuata mwaka fulani wa ukame
ambao mti haukuwahi kumwambia mtu.

Gundi ingeuziba. Vumbi la msasa, nta juu yake,
jicho gani lingejua?
Lakini mwiko ni mwiko.
Nilitafuta kijiti cha jakaranda
nilichookota walipopanua barabara,
nikakiunga: nusu ya mama yao, nusu ya mjini,
na mpaka kati yao mweupe kama kovu.

Msasa wa mia na hamsini. Wa mia nne.
Wa elfu, hadi kidole kisahau kinagusa nini.
Stima ikapotea saa mbili;
nta nikaipaka kwa tochi ya simu,
nikasugua kwa kipande cha leso
hadi mbao ikapata joto la mkono.

Musembi alizijaribu juu ya risiti ya maziwa,
zote nne, neno moja tu: Syombua.
Syombua. Syombua. Syombua.
"Hii yenye kiraka ni ya nani?"
Nikasema siijui familia yenu.
Akaitia mfuko wa shati, peke yake.
Zile tatu akazirudisha gazetini.

Alhamisi imepita, na nyingine.
Hajapiga simu.

Lile bapa alilisahau kwangu, au aliliacha.
Juzi usiku nililitumia kusonga ugali,
hivyo hivyo, bila mpini,
nikaungua vidole viwili.