Ilani Kwenye Mlango wa Posta

Karatasi imebadilishwa mara tisa,
maneno ni yaleyale: Chemsha kabla ya kunywa.
Dakika moja, maji yakitokota kwelikweli.
Leander wa kina Pardy alizaliwa wiki ilipobandikwa;
sasa ana ndevu, na mkataba wa kazi huko Alberta,
na hajawahi kukinga glasi bombani akanywa papo hapo.

Hapa Pinchbeck tuko sabini na wanne.
Sabini na watatu, tangu Jumanne, tulipomzika Effie.
Bwawa liko juu ya kilima, katikati ya kinamasi,
na maji hushuka yakiwa chai ya rangi tayari.
"Imebaki sukari tu," Hedley alikuwa akisema,
kisha anacheka peke yake.

Hedley ndiye aliyenikabidhi ufunguo wa kibanda cha pampu,
bila mshahara, pamoja na daftari lililoota kuvu.
Alinifunza jambo moja ambalo halimo daftarini:
klorini ikizidi, watalalamika;
ikipungua, hawatalalamika,
na hapo ndipo uogope.

Kila baada ya wiki mbili nakinga sampuli
kwenye chupa ndogo yenye kidonge cheupe kitakoni.
Siisuuzi. Siigusi mdomo.
Naiweka kwenye sanduku la barafu,
naibeba mpaka gatini kama mtoto wa watu.
Ina saa thelathini za kuishi, basi.
Ukungu ukitua, feri haiondoki,
maji yangu yanazeeka juu ya benchi la abiria,
na maabara huandika neno moja: Imechelewa.
Mwaka juzi tulichelewa mara kumi na moja.
Mtu ofisini, asiyejua ukungu,
akazihesabu akasema hatujali.

Wakati huo watu wanapanga madumu kwenye magari
waende kwenye chemchemi ya barabarani,
pale bomba lenye kutu linapochomoza mwambani.
Hakuna aliyewahi kuyapima yale maji.
Majira ya kuchipua tulikuta kulungu ameoza
hatua hamsini juu yake.
Tulimfukia, tukajaza madumu.
Tunayaamini kwa kuwa hayana karatasi.

Basi Oktoba ukaja mtambo mpya wa kuchuja,
na mafundi wawili waliolala nyumbani kwangu
wakala viazi vyangu vyote.
Sampuli ya kwanza, safi.
Ya pili ikavuka bahari tulivu: safi.
Ya tatu niliisindikiza mwenyewe,
nikitapika ubavuni mwa feri, chupa kifuani.
Barua ilipofika niliisoma nimesimama,
nikang'oa pini nne.
Nyuma ya ilani palibaki mstatili wa rangi ya kijani,
mbichi, kama mlango ulivyokuwa
mwaka ule sote tulipokuwa wadogo kidogo.

Verna wa posta alitazama mstatili,
akanitazama mimi.
"Na wewe, umeyanywa?"
Nikamwambia nina haraka.

Usiku nilikinga glasi, nikaiinua mbele ya taa.
Hakuna rangi. Hakuna harufu, ila ile ya dawa,
na hiyo dawa niliipima kwa mkono wangu.
Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Huku kwetu hatuna nyoka.
Tuna jiko, na mkono unaojua njia:
kabla sijaamua lolote
ulikuwa umeshaweka birika motoni.

Nikaketi. Najua namba zote za barua ile.
Birika likaanza kulia,
na glasi ilikuwa bado imejaa.

Asubuhi nilikuta Verna ameuziba mstatili
kwa tangazo la bingo ya Ijumaa,
ila kalipachika kwa pini moja tu, kwa juu,
linapepea kila mlango unapofunguliwa.
Hakuniuliza tena.
Alinimiminia chai, akaisukuma mezani,
akangoja.