Namba Saba Nyuma ya Risiti

Nyuma ya risiti ya LUKU niliandika namba saba
kwa kalamu ya ofisi inayokatakata wino.
Ulikuwa mwezi wa nane, upepo wa Dodoma
ukisukuma vumbi jekundu mpaka ndani ya kabati la vyombo,
na usingizi ulikuwa umenipa kisogo
tangu zabibu za mwezi wa tatu.

Mjini kwetu mtu akichelewa kujibu salamu
huambiwa: wewe, utapelekwa Mirembe.
Nami nimelisema hilo. Nimelisema kwa kicheko,
shuleni, sokoni Sabasaba, hata kwenye harusi ya mdogo wangu,
nisijue kuwa neno nalo ni deni,
na mwenyewe huja kudai usiku.

Namba ya kwanza haikupatikana.
Ya pili alipokea mtoto, akaniuliza kama mimi ni bibi.
Ya tatu: "Daktari wa akili? Alihamia Singida."
Ya nne walikuwa naye, Jumanne na Alhamisi,
"lakini hapa ni taslimu, mama. Bima hatugusi,
wanatulipa tukiwa tumeshasahau tulichotibu."
Akataja bei. Nikaigawanya kwa debe la uwele,
nikaigawanya kwa ada ya Nyemo,
ikagoma kugawanyika.

Ya tano nilielekezwa kama mgeni aliyepotea njia:
anza kituo cha afya, wakuandikie rufaa,
rufaa ina siku zake, zikipita imekufa,
kadi iwe hai, michango iwe imeingia,
halafu uulize kitita chako kina nini.
Kitita!
Bibi yangu wa Mvumi alifunga kitita cha kuni
akijua kila ukuni uliomo, na ulikokatwa.
Mimi nimekatwa mshahara miaka kumi na mmoja
na changu sijawahi kukifungua.

"Mgonjwa ni nani?" waliuliza wote.
"Dada yangu," niliwajibu wote. "Halali. Analia
akimenya vitunguu, na asipomenya."

Sina dada.

Ya sita niliipiga, ikawa inatumika.
Nikaisogeza karibu na taa: ilikuwa yangu.

Ya saba, huko Kisasa, sauti ya mwanamke asiye na haraka:
"Kadi hiyo tunapokea. Kumwona daktari, imo.
Dawa, kuna moja haimo, hiyo utanunua;
nakutajia bei leo usije ukashtukia dirishani.
Rufaa msiisahau. Mlete dada Alhamisi."

Alhamisi nikampeleka.
Nilivaa kitenge cha msibani, sijui kwa nini.
Nilishuka bodaboda nyumba tatu kabla,
nikanunua karanga nisizozila,
nikaangaza huku na huku kama mwizi wa kuku.
Kibao kilikuwa kidogo, kimefifia kwa jua;
ungeweza kudhani wanauza miwani.

Dirishani, yule wa kwenye simu alikuwa na jina kifuani: Sechelela.
Akaichukua kadi, akaitazama picha,
akanitazama mimi, akairudia picha.
Tulikuwa tumefanana vibaya sana.
Akanionyesha pa kuweka kidole gumba.
Mashine haina aibu: ikawaka kijani,
ikasema ndiye.
Hakuuliza dada yuko wapi.
Alisogeza fomu, akaweka ncha ya kalamu
pale palipoandikwa sahihi ya mgonjwa,
akageuka kupanga mafaili ambayo yalikuwa yamepangwa.

Nje upepo ulikuwa unapigapiga bati.
Nikaandika jina langu, la baba, la babu,
herufi zikipanda mlima mpaka nje ya mstari.

"Kaa pale kwenye feni, dada," akasema.
"Kuna wawili mbele yako."