Udongo wa Majilio

Goma haina udongo wa kufinyanga;
ukichimba, jembe linalia juu ya mawe meusi.
Huu ulikuja na boti ya usiku kutoka Bukavu,
ndani ya bidoni la mafuta lililokatwa mdomo.
Shangazi Nsimire aliufunika kwa majani ya mgomba
kama mtu anayesafirisha mgonjwa.

Kavira anafinyanga chukudu, mbuzi, sambaza watatu,
nyota inayofanana zaidi na kiganja.
Mgongoni mwa kila kimoja anachora tarehe
kwa njiti ya kiberiti.
Tunavichoma kwenye mbabula, maharage yakishaiva.

Cha kumi na saba kikapasuka.
Pa!
Nikamwambia, udongo bado upo, finyanga kingine.
“Acha, mama. Hata mwaka jana
siku hiyo ilipasuka.”

Sikujibu. Nilipuliza makaa
ambayo hayakuhitaji kupulizwa.

Kamba ya chandarua, toka msumari hadi dirishani:
ishirini na tatu vimeelekea ukutani,
na uzi mmoja mtupu katikati.
Kila alfajiri tunageuza kimoja kitutazame.
Leo mbuzi. Pembe moja.

Tarehe kumi na saba
tutageuza uzi.