Mzizi Hausimami Peke Yake

Jumamosi, Machame, darasa la kipaimara.
Mvua ilitufungia ndani ya ghala la kahawa
ambalo chama cha msingi kilituazima.
Mizani ya zamani ingali inaning'inia darini, ndoano tupu,
na Ndekirwa, ambaye babu yake alikuwa karani hapo,
akanyoosha kidole:
Mwalimu, Mungu ana kilo ngapi?

Wenzake wakacheka. Mimi nikatafuta mfano.

Nilianza na maji, kama nilivyofundishwa:
barafu ya Kibo, mvuke, mto Weruweru.
Kisha nikakumbuka mchungaji alivyonikanya mwaka juzi:
barafu ikishakuwa mto si barafu tena,
na Baba hayeyuki ili Mwana apate kutiririka.
Nikajaribu yai. Ganda, ute, kiini.
Nani aliwahi kuokota ganda akasema, nimepata yai?
Nikajaribu mgomba, mama, binti na mjukuu katika shina moja,
nikanyamaza katikati ya sentensi,
maana mama hukatwa binti akishazaa.

Kila mfano ulikuwa kigoda chenye mguu mmoja mfupi.

Siku za juma nafundisha Kiswahili, darasa la sita.
Labda ndiyo sababu mkono wangu, bila kuniuliza,
ulichukua chaki ukaandika ubaoni
NINAKUPENDA.

Kelele zile! Benchi la nyuma likapiga meza ngoma,
Eliawony akauficha uso ndani ya sweta.
Tulieni, nikasema. Hili ni neno moja.
Hesabuni waliomo.
Ni, huyo ni mimi. Ku, huyo ni wewe.
Na pend, sijui niseme yuko nyuma yao, au kati, au chini.
Haya, ng'oeni mmoja mnipe kinachobaki.

Ndekirwa akaja mbele, akafuta pend kwa kidole cha shahada,
akasoma kilichosalia: ninaku... a...
kama mtu aliyekabwa koo.
Akaandika pend peke yake pembeni, akaitazama.
Na huyu, Mwalimu?
Huyo ni mzizi. Hausimami peke yake.

Basi msidhani alikuwako kwanza Mimi mmoja, mpweke,
akaumba ulimwengu apate wa kuzungumza naye.
Kabla ya Kibo kutema moto wake wa kwanza
neno lilikuwa limeshatimia, na wote wamo,
wala hakuna aliyekuja akachelewa.

Halafu, kwa kuwa chaki ilikuwa bado mkononi, nikazidisha:
sisi twasema mama ana ng'ombe,
nina hasira, kesho sina.
Yeye hana upendo hivyo, kama kitu cha kuweka stoo.
Kwake hatusemi ana. Twasema ni.

Mvua ilikuwa inapungua.
Aikande, ambaye tangu Pasaka hajafungua kinywa darasani,
akauliza akiangalia sakafu:
Kama hana kitu, Mwalimu,
basi sisi hana?

Nikawaruhusu waende.

Nilipanda njia ya migombani, matope mpaka kwenye kifundo,
nikilisema lile neno dogo kama mgeni wa lugha.
Ana. Nina. Kuwa na.
Miaka kumi na tisa nimelifundisha, sikulisikia:
lugha yetu haijui kumiliki kwa kukamata.
Nina mtoto: mimi nipo, na mtoto yupo, tuko pamoja.
Ana sisi.
Nilisimama njiani. Nilitaka kurudi,
lakini Aikande alikuwa ameshavuka mfereji.

Jumatatu nilipita zahanati.
Foleni ya kina mama, harufu ya dettol na maziwa.
Muuguzi alikuwa akimtundika kichanga kwenye ndoano,
ndoano ile ile, ndugu wa ile ya ghala,
kimefungwa kitenge, miguu ikipiga hewa,
mshale ukitetemeka, ukisita, ukitulia.

Nikamkumbuka Ndekirwa, nikaona aibu kidogo.
Swali lake lilikuwa na jibu.
Kilo tatu, mwanangu. Labda na robo,
ikiwa usiku ule
palikuwa na mtu mwenye mizani.