Mara Nne

Mwepu wa Kamalondo anafuta kioo kwa pindo la shati.
"Hii ni mara kumi na mbili, baba.
Utahesabu kope za palahala."

Natoka nayo mlangoni, darubini tupu,
bunduki imelala nyumbani.
Naielekeza kule kwenye kilima cheusi cha makapi ya shaba,
kwenye bomba refu la moshi.
Matofali yananijia puani.
Msalaba unarukaruka.
Upepo?
Hapana, ni moyo wangu,
nao umekuzwa mara kumi na mbili.

Nashusha kidogo, mara shingo ya mama
anayepima vinkubala kwa kopo,
jasho, ushanga mmoja wa buluu,
na msalaba katikati.
Naiondoa jichoni upesi
kama mtu aliyeingia bila hodi.

Kule Lufira miti imebanana.
Mnyama hutokea hatua sitini, alfajiri,
nusu nyasi nusu kivuli;
mwenye jicho kubwa mno huona ubavu
asijue ni wa nani.

"Nipe ile ya mara nne. Yenye mkwaruzo."
"Hiyo? Ya enzi za babu yako!"
"Babu alikula nyama."

Mwepu anapunguza dola kumi,
kwa hasira.